Wang Ziping: Mikono iliyovunja, mikono iliyounga

Kung fu inapotajwa, fikra za wengi wetu hukimbilia kwenye filamu na mahekalu ya Mabudha. Ni wachache wanaofahamu kuwa miongoni mwa magwiji wa fani hiyo walikuwamo Waislamu. Ijumaa hii tunamwangalia mmoja wao, Wang Ziping.

Wang alizaliwa mwaka 1881 huko Cangzhou, jimbo la Hebei, kaskazini mwa China. Alikuwa Mhui, yaani mtu wa jamii kubwa ya Waislamu wanaozungumza Kichina. Ujanani alifika Jinan, jimboni Shandong, akawa mwanafunzi wa Yang Hongxiu, Mwislamu mwenzake na bingwa wa Chaquan, mtindo wa mapigano ambao Wahui wameurithishana kizazi baada ya kizazi.

Wakati huo Wajerumani, ambao ndio waliokuwa wakitawala Tanganyika, walikuwa pia wameshika sehemu ya pwani ya Shandong tangu mwaka 1898 hadi 1914. Inasimuliwa kuwa ofisa wao mmoja alitamani milango ya nakshi ya msikiti, akataka kuichukua. Wang akasimama mlangoni kuilinda. Ofisa akamwekea sharti la kuinua jiwe kubwa la kusagia. Akishindwa, milango iende. Wang akaliinua, na milango ikabaki mahali pake.

Sifa zake zikaenea nchini. Taasisi Kuu ya sanaa za mapigano ilipoanzishwa Nanjing mwaka 1928, alikabidhiwa kuongoza tawi la Shaolin. Tuzingatie hapo: tawi lililobeba jina la hekalu la Mabudha liliwekwa chini ya Mwislamu, kwa sababu elimu yake ilitambuliwa na wote.

Hata hivyo, linalotugusa zaidi ni alivyoitumia elimu hiyo nje ya ulingo. Ajuaye namna kiungo kinavyoteguka hujua pia namna ya kukirejesha. Huko Shanghai Wang alikuwa mganga wa mifupa, na waliovunjika na kuteguka wakapata nafuu mikononi mwake. Vilevile alitunga mazoezi ya viungo ya kuwasaidia watu kulinda afya zao, wala hakumnyima binti yake elimu hiyo. Wang Jurong alifunzwa na baba yake, naye akaja kuwa mwalimu mashuhuri wa fani hiyo katika elimu ya juu.

Mwaka 1960, akikaribia miaka 80, alikuwa katika ujumbe uliofuatana na Waziri Mkuu Zhou Enlai kwenda Burma, akiongoza wachezaji wa wushu. Alifariki dunia mwaka 1973.

Ndugu zetu, nguvu ni amana. Vijana wetu wengi leo hujenga misuli ili waogopwe mitaani. Wang aliogopwa na aliyetaka kupora milango ya msikiti, lakini mgonjwa aliyevunjika mguu alimwendea bila hofu. Tujiulize, mikono yetu inamtia nani hofu, na inamfariji nani? Mwenyezi Mungu amrehemu, na atuwezeshe kuzitumia nguvu zetu katika kheri. Amin.