Joginder Singh: Fundi wa Kericho aliyeishinda Safari Rally mara tatu

MVUA ya masika inapoyashika maeneo ya Chwele, Nalondo na Mukuyuni katika eneobunge la Kabuchai, barabara za udongo hazimwonei mtu huruma. Pikapu iliyovishwa tairi pana za kung'aa huteleza ubavu ubavu hadi mtaroni, ilhali gari kuukuu lenye tairi nyembamba na meno marefu hupita polepole na kuendelea na safari yake. Vijana wa Bungoma na Kitale wanaopenda zile mbio fupi za viwanjani ziitwazo autokrosi hulijadili sana jambo hili kwenye gereji: tairi ipi ifungwe, springi ziwe ngumu au laini, gari linyanyuliwe au lishushwe.

Mjadala huo ni wa kale, na Mkenya aliyeujibu vyema kuliko wengi alikuwa fundi mwenye kilemba, marehemu Joginder Singh, ambaye mashabiki walimpa jina la Simba wa Kenya.

Joginder alizaliwa mjini Kericho mnamo Februari 9, 1932, katika jamii ya Masingasinga waliohamia Afrika Mashariki kutoka Punjab, wale ambao Wakenya wamezoea kuwaita Kalasinga. Miji mingi ya magharibi ya Kenya iliwajua watu hao kwa kazi za vyuma, mbao na injini. Joginder naye aliingia katika ufundi wa magari angali kijana, na mikono yake ilikuwa imezoea grisi miaka mingi kabla ya jina lake kutajwa redioni.

Mnamo 1958 aliajiriwa na Chama cha Magari cha Afrika Mashariki, akawa mtu wa kwanza kupewa kazi ya kuzunguka barabarani na kuwasaidia madereva walioharibikiwa na magari. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake kuu. Dereva wa kawaida hujua udhaifu wa gari lake peke yake. Mtu anayelipwa kushughulikia magari yaliyokwama huona udhaifu wa kila aina ya gari: ni springi gani hukatika, radieta ipi hutobolewa na mawe, tairi ipi hupasuka ubavuni na ipi huvumilia.

Wakati huo mashindano ya Safari yalikuwa machanga. Yalianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na kwa miaka mingi yaliziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalivuka magharibi ya Kenya kwenda Kampala na kurudi, yakateremka pwani, yakakata mbuga za kusini. Barabara hazikufungwa. Dereva wa mashindano aliweza kukutana na lori, ng'ombe au basi la abiria kwenye kona moja. Zaidi ya hayo, mbio zenyewe ziliwekwa wakati wa Pasaka, yaani pale pale masika yanapoanza kubisha hodi.

Tarehe hiyo ndiyo iliyoufanya uchaguzi wa tairi kuwa kamari. Mvua ikichelewa, njia nzima huwa vumbi, changarawe na mawe makali. Ikiwahi, njia hiyo hiyo hugeuka uji. Tairi pana hulishika vizuri jukwaa kavu na gumu, lakini katika tope huelea juu ya utelezi bila kuufikia udongo mgumu ulio chini. Tairi nyembamba hulikata tope kama kisu na kutafuta mahali pa kushika. Meno yake yakiwa yameachana vya kutosha, hulitupa tope kila gurudumu linapozunguka. Yakiwa yamebanana, hujaa udongo na tairi kuwa laini kama ya baiskeli iliyochakaa. Upepo nao una hesabu yake. Ukipunguzwa, tairi hutandaza uso wake na kushika vyema penye mchanga na tope, lakini jiwe moja au shimo moja likipigwa kwa kasi, mpira hubanwa kwenye rimu na kupasuka. Ukizidishwa, rimu husalimika ila gari hurukaruka na kupoteza mshiko.

Joginder alianza kushiriki Safari mwaka 1959. Jina lake lilivuma rasmi Aprili 1965, alipokuwa na umri wa miaka 33. Yeye na ndugu yake Jaswant, aliyekuwa mwelekezi wake, waliingia na Volvo PV544, gari lenye mgongo wa kobe ambalo tayari lilikuwa limetumikishwa na kiwanda chake katika mbio. Lilikuwa gari la mtumba kwa maana halisi ya neno hilo. Hao ndugu wawili walilifungua, wakalikagua na kulitayarisha upya, kisha wakalipeleka kwenye barabara za Kenya, Uganda na Tanzania na kurudi nalo wakiwa washindi.

Wapo waliodhani ni bahati. Lakini anayelijua gari lile ataona kwamba halikuwa chaguo baya. Magurudumu yake yalikuwa makubwa na membamba. Lilisimama juu kiasi, na lilikuwa na springi za koili mbele na nyuma. Bodi yake ilikuwa nzito na ngumu. Halikuwa na mwendo wa kutisha, ila mashimo hayakuliua haraka.

Hapa ndipo suala la springi linapoingia. Kijana wa autokrosi hutafuta gari lililo chini, lenye springi ngumu, lisiloinama kwenye kona. Ana haki, kwa kuwa mbio zake ni za dakika chache na uwanja wake unajulikana. Akivunja kitu atalikokota hadi gereji jioni hiyo. Katika Safari ya enzi ya Joginder gari lilikimbia maelfu ya kilomita kwa siku kadhaa, usiku na mchana. Springi ngumu kupindukia hupeleka kila pigo kwenye bodi mpaka viungo vya chuma vianze kuachana. Springi laini kupindukia hulifanya gari kukalia ekseli yake kila linapotua. Katikati ya hayo kuna shokapu, kazi yake ikiwa kutuliza mdundo wa springi. Barabara yenye matuta madogo madogo huichemsha shokapu mpaka mafuta yake yakose nguvu, na kuanzia hapo gari hudunda kama mpira wa watoto. Ndiyo maana fundi wa Safari alilinyanyua gari, akaacha nafasi ya kutosha kwa gurudumu kupanda na kushuka, akafunga bamba la chuma chini ya injini, kisha akakubali kwamba gari litainama kidogo kwenye kona. Dereva angelipa kwa sekunde chache ili asilipe kwa ekseli.

Ukali wa mbio hizo ulidhihirika tena mwaka 1968. Magari 93 yaliondoka. Saba pekee ndiyo yaliyomaliza. Joginder alikuwa miongoni mwa hao saba, safari hii akiendesha Datsun.

Miaka ya sabini ilileta upepo mwingine. Viwanda vya Ulaya na Japani vilikuja na fedha na mafundi wengi, na mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kunyakua taji, akiwa na Ford Escort. Mwaka uliofuata Safari iliingizwa katika msururu wa ubingwa wa dunia. Wengi waliona zama za fundi wa nyumbani zimekwisha.

Pasaka ya 1974 ilileta mvua kubwa. Joginder, akiwa na miaka 42 na David Doig kama mwelekezi, alikuwa ndani ya Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6 tu. Nyuma ilikuwa na springi za majani, namna ile ile inayobeba pikapu za sokoni hadi leo. Björn Waldegård wa Sweden alikuwa na Porsche 911, gari lililoizidi Lancer hiyo kwa nguvu. Nguvu katika tope ni kama sauti kubwa msibani, haina pa kupelekwa. Lancer ilishinda, Porsche ikawa ya pili, na Mitsubishi ikapata ushindi wake wa kwanza kabisa katika mbio za ubingwa wa dunia.

Mwaka 1976 Joginder na Doig walirudia. Safari hii Lancer zilichukua nafasi zote tatu za kwanza, na Joginder akawa dereva wa kwanza kuishinda Safari mara tatu. Rekodi hiyo ilikuja kupitwa na Shekhar Mehta, aliyefikisha mataji matano mwaka 1982.

Hata hivyo, kuna hesabu nyingine ambayo mafundi huitaja kwa heshima kuliko mataji yenyewe. Hadi alipoacha mwaka 1980, Joginder alikuwa ameanza Safari mara 22 na kuimaliza mara 19. Katika mashindano ambayo mara nyingi yaliacha zaidi ya nusu ya magari porini, hiyo ni idadi isiyoelezeka kwa ujasiri wa usukani peke yake. Inaelezwa na saa zilizotumika chini ya gari kabla ya bendera kushushwa.

Baadaye alihamia Uingereza, na alifariki jijini London mnamo Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Safari aliyoijua haipo tena katika sura ile. Iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarejeshwa mwaka 2021 ikiwa na makao Naivasha, kwenye mikondo mifupi iliyofungwa na tairi za mtengenezaji mmoja kwa magari yote ya mbele. Mwaka 2024 ilirudishwa kwenye Pasaka, na madereva wakajikuta tena wakiyatazama mawingu kabla ya kuamua ni tairi zipi zifungwe asubuhi hiyo.