Mchungaji Philipp Nicolai (1556–1608)

Philipp Nicolai alizaliwa mwaka 1556 huko Mengeringhausen, Ujerumani, mwana wa mchungaji wa Kilutheri. Mwaka 1596 aliitwa kuuhudumia mji wa Unna, na mwaka uliofuata tauni ikauingia mji huo. Nyumba yake ilitazamana na makaburi. Zilikuwako siku za maziko zaidi ya ishirini, na waliofariki walipita elfu moja. Katikati ya msiba huo Nicolai alijitia kuyatafakari Maandiko juu ya uzima wa milele, akaandika kitabu kilichochapwa mwaka 1599. Humo mlikuwamo wimbo utokanao na mfano wa wanawali kumi, Mathayo 25, ambamo usiku wa manane umekuwa saa ya kumlaki Bwana arusi kwa furaha. Ni kweli kwamba mahali pengine alikadiria mwisho kuwa mwaka 1670. Hapo alikosea, kama wakoseavyo wote wahesabuo siku aijuayo Baba peke yake. Lakini wafiwa wa Unna hawakuhitaji tarehe. Mwaka 1601 alihamia Hamburg, akatumika katika Kanisa la Mtakatifu Katharina hata kufa kwake, 1608. Wimbo wake ungali ukiimbwa sharikani.