Maisha ya Daktari Dutton, Aliyezikwa Kasongo

Mto Lualaba huanza safari yake katika nyanda za juu za Katanga, ukaelekea kaskazini mpaka nchi ya Maniema. Huko, si mbali na mto, upo mji wa Kasongo. Katika mji huo, tarehe 27 Februari 1905, alifariki daktari kijana wa Kiingereza, jina lake Joseph Everett Dutton. Umri wake ulikuwa miaka 30 tu. Aliuawa na ugonjwa uleule aliokuwa akiuchunguza ili watu wengine wapate kupona. Madaktari wa dunia nzima wanalijua jina lake hata leo, maana kijidudu kiletacho ugonjwa huo kilipewa jina hilo. Yafaa wakatekumeni nao wayajue maisha yake, kwa kuwa yamo mafundisho ndani yake.

Dutton alizaliwa tarehe 9 Septemba 1874 katika kijiji cha Higher Bebington, ng'ambo ya mto unaopita mbele ya mji wa Liverpool. Liverpool ni bandari kubwa ya Uingereza. Zamani zile merikebu nyingi zilitoka pale kwenda Afrika ya Magharibi kununua mafuta ya mawese, na mabaharia wengi walirudi wamedhoofika kwa homa. Wengine hawakurudi kabisa. Kwa sababu hiyo mwaka 1898 ilianzishwa pale shule ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto, nayo ndiyo iliyokuwa ya kwanza ya namna hiyo.

Kijana Dutton alikwisha kusomea udaktari katika mji huohuo, akahitimu mwaka 1897. Angeweza kukaa kwao na kutibu watu wenye mali, akaishi kwa raha. Lakini mwaka 1900 alikwenda Nigeria pamoja na madaktari wawili wenzake, kuchunguza malaria na ugonjwa wa matende. Mwaka uliofuata alipewa msaada wa fedha ili aendelee na uchunguzi. Msaada huo ulikuwa na jina la Walter Myers, daktari kijana aliyekwenda Brazil kuchunguza homa ya manjano, akaugua homa hiyohiyo, akafa Januari 1901. Basi Dutton alipoupokea msaada huo alijua vema kazi yake ilikuwa ya namna gani, wala hakurudi nyuma.

Mwaka 1901 alitumwa Gambia. Huko daktari mmoja, jina lake Forde, alikuwa na mgonjwa Mzungu, nahodha wa mashua ya mtoni, ambaye homa yake haikutii dawa ya malaria. Forde alikuwa ameona katika damu yake vitu vidogo vinavyojinyonganyonga kama minyoo, lakini hakujua ni nini. Alimwonyesha Dutton. Dutton alitazama kwa hadubini, yaani chombo chenye vioo vinavyokuza vitu visivyoonekana kwa macho, akatambua kwamba ni vijidudu vya jamii ya tripanosoma. Vijidudu vya jamii hiyo vilikwisha kujulikana katika damu ya ng'ombe na farasi, lakini hakuna aliyekuwa amevitambua hakika katika damu ya mwanadamu. Mwaka 1902 Dutton alivipa jina la nchi ya Gambia.

Hata hivyo wakati ule hakuna aliyefahamu kwamba hao ndio wauaji wenyewe wa ugonjwa wa malale. Malale yalikuwa yakiua watu kwa maelfu. Kando ya ziwa kubwa la Uganda peke yake, inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 200,000 walikufa katika miaka ile. Ilipofika mwaka 1903, madaktari Castellani na Bruce, waliokuwa Entebbe, walionyesha kwamba tripanosoma ndiyo iletayo malale, na kwamba huchukuliwa na nzi aitwaye mbung'o. Ndipo kazi ya Dutton huko Gambia ilipopata maana yake yote. Jiwe alilokuwa ameliweka peke yake, wengine walijenga juu yake.

Mwaka huohuo wa 1903 shule ya Liverpool ilimtuma Dutton Kongo, pamoja na madaktari Todd na Christy. Nchi ya Kongo ilikuwa wakati ule mali ya Leopold wa Pili, Mfalme wa Ubelgiji, naye ndiye aliyewaita. Haifai kuficha mambo ya miaka ile. Watu walilazimishwa kuleta mpira wa msituni, wengi walipigwa na kuuawa, mashamba yaliachwa, na njaa iliingia vijijini. Mwili wenye njaa hauna nguvu ya kupigana na ugonjwa, na watu waliokimbia huku na huku waliuchukua ugonjwa pamoja nao. Katika taabu hiyo ndimo madaktari hao walimoingia.

Walifanya kazi kwanza Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa. Waliwapima wagonjwa, wakayapapasa matezi ya shingo, wakayatoboa kwa sindano nyembamba na kuyatazama maji yake kwa hadubini. Kwa njia hii iliwezekana kumtambua mwenye malale mapema, kabla hajaanza kusinzia. Kisha mwaka 1904 walipanda mto kwa merikebu mpaka Stanleyville, yaani Kisangani ya leo.

Huko mashariki waliikuta homa nyingine, iliyowatisha sana wasafiri na wenyeji. Mtu hushikwa na baridi, kichwa na viungo vikamuuma, homa ikapanda kwa siku chache. Kisha huondoka ghafula, naye hudhani amepona. Lakini baada ya juma moja hivi, homa hurudi. Huondoka tena, hurudi tena. Mama mwenye mimba akiupata ugonjwa huu huweza kupoteza mtoto wake.

Ugonjwa wenye desturi kama hiyo huvuruga mioyo ya watu. Homa ikija mara moja, watu husema ni homa. Ikirudi mara ya tatu, huanza kuuliza ni nani anayeirudisha. Ndipo jirani mwenye ugomvi hutajwa, au bibi kizee asiye na mtu wa kumtetea. Ni wangapi waliofukuzwa au kuuawa kwa tuhuma za namna hiyo, Mungu peke yake ndiye ajuaye hesabu yao.

Lakini si kweli kwamba wenyeji wote walikuwa gizani. Wazee wengi wa Afrika walijua kwamba ugonjwa huu hufuata kuumwa na mdudu mmoja wa nyumbani. Livingstone, yule msafiri mashuhuri, alilitaja jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1857. Mdudu mwenyewe ni papasi, ambaye wengi katika Kongo humwita kimputu. Ni jamii ya kupe. Hana macho, na ngozi yake ni kama ngozi kavu iliyokunjamana. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu ya udongo na za kuta. Usiku hutoka, humnyonya damu mtu aliyelala chini, kisha hurudi ufani kabla ya mapambazuko. Akikosa chakula huweza kukaa miaka akingoja.

Dutton na Todd hawakuyadharau maneno ya wazee, wala hawakuyapokea bila kuyapima. Kazi ya daktari mchunguzi ni hiyo: kusikia, kisha kupima. Walikusanya papasi, wakawaacha wawaume kima wazima. Kima wakashikwa na homa, na katika damu yao vikaonekana vijidudu vyembamba vilivyojizungusha kama uzi uliosokotwa. Vilikuwa vilevile vilivyoonekana katika damu ya watu wagonjwa. Tena wakafanya jambo lingine la ajabu. Walitwaa mayai ya papasi wenye ugonjwa, wakayangoja mpaka yalipoanguliwa. Papasi wale wachanga, ambao hawajamuuma mtu yeyote, waliwauma kima, nao kima wakaugua. Basi ilijulikana kwamba mama wa papasi huwarithisha watoto wake ugonjwa. Ndiyo sababu nyumba ya kupanga au kibanda cha wasafiri huweza kuwa na hatari miaka mingi baada ya mgonjwa wa mwisho kuondoka.

Wakati huohuo, bila wao kujua, madaktari Ross na Milne katika Uganda walikuwa wakichunguza homa hiyohiyo, nao waliwatangulia kwa majuma machache kuutangaza ukweli huo. Kwa mtu apendaye sifa hilo ni jambo chungu. Kwa mgonjwa ni faida tupu: mashahidi wawili walio mbalimbali, wasioonana, wamesema neno moja, na ushahidi wao una nguvu zaidi.

Katika kazi hiyo Dutton na Todd wote wawili walishikwa na homa ya papasi. Todd alipona. Walipofika Kasongo, Dutton alizidiwa. Wakati ule hakuna dawa iliyojulikana ya kuviua vijidudu hivyo, na yule aliyejua zaidi ya wengi namna homa inavyomwingia mtu, hakuwa na kitu cha kuizuia. Alikufa mwezi wa pili wa mwaka 1905. Watu wengi wa nchi ile walimsindikiza kaburini, na kati yao walikuwamo wagonjwa aliowatibu. Todd aliyakusanya maandiko ya rafiki yake, akaimaliza kazi, na mwaka huohuo habari zake zikatolewa katika kitabu kwa jina la wote wawili.

Yafaa pia kusema neno la masikitiko. Baada ya kifo cha Dutton serikali ilitumia maarifa ya kupapasa matezi ya shingo katika vita vyake juu ya malale. Askari walipelekwa vijijini, watu wakapangwa mistari, na wale walioonekana na matezi makubwa walitengwa katika makambi, mbali na wake na watoto wao. Wengi waliingia humo kama waingiao gerezani, na wengi hawakutoka. Maarifa ni zawadi ya Mungu, lakini yakishikwa na mkono usio na upendo humjeruhi yule aliyepaswa kuponywa. Daktari anahitaji akili, na anahitaji moyo pia.

Mbegu ya kazi ile haikupotea. Leo homa ya papasi hutibiwa kwa dawa zipatikanazo katika zahanati, na mgonjwa akiwahi hupona upesi. Malale nayo yamerudi nyuma. Mwaka 1998 wagonjwa zaidi ya 26,000 walihesabiwa katika Kongo, na kwa muda mrefu dawa ya ugonjwa uliofika kichwani iliwaua wagonjwa 5 hivi katika kila 100 waliopewa. Tangu mwaka 2018 imekubaliwa dawa ya kumeza tu, ambayo ilijaribiwa zaidi katika Kongo yenyewe, kwa kazi ya madaktari na wauguzi Wakongo na kwa wagonjwa waliokubali kupimwa kwa hiari yao. Sasa wagonjwa wapya hawafiki 1,000 kwa mwaka.

Hata katika Katanga kazi ya namna hiyo imefanyika. Mwaka 1948, karibu na Lubumbashi, ambayo wakati ule iliitwa Elisabethville, madaktari Vincke na Lips walikuta kijidudu cha malaria katika damu ya panya wa msituni kando ya mto Kisanga. Tangu hapo wachunguzi wa nchi nyingi wanakitumia kijidudu hicho kujaribia dawa kabla ya kumpa mwanadamu. Kwa hiyo mtu wa Kinsevere anywaye leo kidonge cha malaria anashiriki matunda ya kazi iliyofanyika si mbali na mlango wake.

Wakatekumeni wapendwa, mnajitayarisha kupokea ubatizo, na kabla ya kuupokea mtaulizwa kama mnamkataa Shetani na mambo yake yote. Mojawapo ya mambo yake ni kumshitaki jirani asiye na kosa. Amri ya kwanza yakataza kwenda kwa mpiga ramli, na amri ya nane yakataza kumshuhudia mwenzako uongo. Homa ikirudi nyumbani mara ya pili na ya tatu, msitafute adui kijijini. Mpelekeni mgonjwa zahanati, apimwe damu, nanyi mwombeni Mungu, ambaye huponya kwa neema yake na kwa mikono ya watu. Tena zibeni nyufa za kuta, sakafu ipigwe vizuri na ifagiliwe, wala mtoto asilazwe chini penye udongo, bali apewe kitanda kilichosimama mbali na ukuta.

Dutton hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa mtu wa hadubini na sindano, aliyeutafuta ukweli kwa subira mpaka ulipomgharimu uhai wake, katika nchi isiyokuwa yake, kwa ajili ya watu wasiokuwa wa kabila lake. Kwa kazi yake mshitakiwa wa kweli alijulikana: hakuwa bibi kizee wa jirani, alikuwa papasi katika ufa wa sakafu. Mkristo asafiriye kupitia Kasongo amkumbuke katika sala, yeye na wote waliokufa kwa homa ile kabla dawa haijajulikana.