Sewahaji ni nani? Mjue tajiri aliyewajengea hospitali waliofungiwa nje Dar

Kama umewahi kuuguza Muhimbili, jina Sewahaji unalijua. Wengi tunadhani ni jina la jengo tu, kumbe ni la mtu.

Sewa Haji Paroo alizaliwa Zanzibar mwaka 1851, kwenye familia ya Kiismailia yenye asili ya Kutch, India. Akiwa kijana tu akashika biashara ya familia. Bagamoyo ikawa himaya yake: ukitaka kwenda bara, vitambaa, shanga, bunduki na wapagazi unavipata kwake. Hata Stanley, yule mpelelezi maarufu, alikuwa mteja wake.

Pesa aliipata, ila hakuikalia. Bagamoyo alitoa jengo la shule, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome humo.

Dar es Salaam nako, Wajerumani walifungua Hospitali ya Ocean Road mwaka 1897, pale ufukweni Kivukoni, kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika na Mhindi watibiwe wapi? Fedha za Sewa Haji ndizo zilizowezesha hospitali yao, ikabeba jina lake. Mwenyewe alifariki Februari 1897, hata miaka 50 hajafika.

Mwaka 1956 hospitali hiyo ikapisha Princess Margaret, ambayo leo ndiyo Muhimbili. Ndani ya eneo hilo ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, iliyoanzishwa 2015. Kabla upasuaji wa moyo haujaanza Muhimbili mwaka 2008, wagonjwa walipelekwa nje, wengi wao India, kule kule walikotoka wazee wa Sewa Haji. Asiyepata nafasi alibaki kusubiri.

Sasa mlango uko wazi hapa hapa, lakini upasuaji peke yake hautoshi. Duniani, magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua karibu watu milioni 18 mwaka 2019, zaidi ya robo tatu yao kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Presha inaweza kukaa mwilini miaka bila dalili. Mfanyabiashara wa Kariakoo anafungua duka kila asubuhi, anajiona mzima, siku moja anaanguka. Kupima, kupunguza chumvi, kuacha sigara na kumeza dawa bila kuruka siku ni nafuu kuliko kupasuliwa kifua.

Safari ijayo ukienda kumwona mgonjwa Sewahaji, jiulize na wewe: mara ya mwisho ulipima presha lini?