Tusimsahau Temu, aliyetuletea dhahabu ya kwanza

Wauliza Wakenya kumi ni nani aliyeipatia nchi hii nishani yake ya kwanza ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki, nao wengi watalitaja jina la Kipchoge Keino bila kusita. Jibu hilo si sahihi, ingawa wanaolitoa hawana nia mbaya. Aliyeileta dhahabu hiyo ni Naftali Temu, mwanajeshi kutoka Nyamira, na siku yenyewe ilikuwa Jumapili, Oktoba 13, 1968, katika jiji la Mexico. Waama, tangu siku hiyo hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024, hakuna mwanamume mwingine wa Kenya aliyewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki katika mbio za mita 10,000. Huyo ndiye mtu tunayekaribia kumsahau.

Temu alizaliwa Aprili 20, 1945, katika nyanda za juu za Gusii, wakati Kenya ingali chini ya mkoloni. Alipokuwa angali mvulana, eneo hilo lilikuwa tayari na jina katika riadha. Nyandika Maiyoro, mwana wa Gusii pia, alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kabisa kwenda kwenye Olimpiki, pale Melbourne mwaka 1956, ambako alimaliza wa saba katika mbio za mita 5,000. Miaka minne baadaye, mjini Rome, alimaliza wa sita katika mbio zizo hizo. Nyandika hakupata nishani, lakini aliacha kitu kilicho sawa na nishani: aliwaonyesha vijana wa kwao kwamba Mwafrika aliyelelewa milimani anaweza kusimama mstari mmoja na mabingwa wa Ulaya pasipo kutetemeka.

Kijana Temu alijiunga na jeshi, na humo ndimo kipaji chake kilimopata malezi. Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 19 tu, aliteuliwa kwenda Tokyo. Huko alishiriki mbio za marathoni, zile zilizotwaliwa kwa mara ya pili mfululizo na Mhabeshi mashuhuri Abebe Bikila, naye Temu akamaliza katika nafasi ya 49. Msomaji anaweza kudhani kwamba kijana aliyetanguliwa na watu 48 angevunjika moyo na kurejea kambini kupiga gwaride. Hakufanya hivyo. Katika michezo hiyo hiyo Wilson Kiprugut alitwaa shaba ya mita 800, ikawa nishani ya kwanza kabisa ya Kenya katika Olimpiki, na taifa changa lililokuwa halijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru likaanza kuamini kwamba lina la kuuonyesha ulimwengu.

Miaka miwili ilitosha kumgeuza mwanafunzi kuwa mwalimu. Mnamo Agosti 1966, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Kingston, Jamaica, Temu alijitosa katika mbio za maili sita. Aliyetarajiwa kushinda alikuwa Ron Clarke wa Australia, ambaye mwaka uliotangulia, mjini Oslo, alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 39.4. Hakuna mkimbiaji wa masafa marefu aliyeogopwa kumliko Clarke siku hizo. Temu hakumwogopa. Alimwandama, akamchosha, kisha akamwacha na kutwaa dhahabu, huku bingwa huyo wa rekodi akiridhika na fedha. Katika michezo hiyo hiyo Keino naye alishinda maili moja na maili tatu. Dunia ya riadha ikaanza kuuliza Kenya iko wapi kwenye ramani.

Sisi tuliokuwa watoto wa shule za msingi mwishoni mwa miaka ya sitini tuliyapata hayo yote kwa masikio tu. Televisheni ilikuwa mali ya wachache mijini. Redio ya Sauti ya Kenya ndiyo iliyokuwa uwanja wetu, na mwalimu aliyesoma gazeti ndiye aliyekuwa mtangazaji wetu wa pili. Habari za Mexico zilitufikia asubuhi, maana mchana wao ni usiku wetu, na kufikia saa nne, wakati wa mapumziko, mbio zote zilikuwa zimekwisha kukimbiwa upya katika uwanja wetu wenye vumbi. Kila mtoto alitaka kuwa Keino. Keino alikuwa na kofia yake ambayo aliitupa alipotaka kuondoka kwa kasi, basi nasi tulivaa kofia kuukuu, na hata majani ya mgomba, ili tupate cha kutupa katika mzunguko wa mwisho. Temu hakuwa na kofia. Hakuwa na kitu chochote ambacho mtoto angeweza kukiigiza, isipokuwa kukimbia. Kwa hiyo nafasi ya Temu iliachiwa wale wadogo na wanyonge, nami nikiwa mmoja wao nikaipokea kwa moyo mkunjufu, na tangu hapo Temu amekuwa wangu.

Na tazama jinsi alivyoshinda. Fainali ya mita 10,000 ndiyo iliyoifungua riadha katika michezo ile. Ni mizunguko 25 ya uwanja, nao uwanja wenyewe uko mita zipatazo 2,240 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na pumzi ni ghali. Kenya ilikuwa na Keino na Temu. Keino alikuwa mgonjwa wa kibofu cha nyongo, na karibu na mwisho wa mbio maumivu yalimzidi hata akaanguka kandoni. Hapo matumaini ya nchi nzima yakabaki mabegani mwa mtu mmoja. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, Mamo Wolde wa Ethiopia alichomoka kwa kishindo, akawa kama amekwisha kuondoka na dhahabu. Temu hakubabaika. Alimfuata hatua kwa hatua, na katika mnyoofu wa mwisho akamfikia, akampita, akakata utepe kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Wolde alifika sekunde 0.6 baadaye. Mohammed Gammoudi wa Tunisia akawa wa tatu. Clarke, yule aliyeshindwa Kingston, alimaliza wa sita, akazirai na kulazimika kupewa oksijeni.

Wapo waliosema, na wangalipo wanaosema, kwamba ushindi ule ulikuwa wa mlima, si wa mtu. Kwamba Temu aliwashinda wenzake kwa sababu alizaliwa juu nao walizaliwa chini. Hoja hii haina miguu. Kwanza, aliyemkaribia zaidi alikuwa Mhabeshi, naye Mhabeshi ni mtu wa milima kama Mgusii. Mshindi alipatikana kwa sekunde 0.6 baina ya wana wawili wa nyanda za juu, wala mlima haukumpendelea yeyote kati yao. Pili, Kingston ni mji wa bandari, uko pwani, ambako hewa ni ile ile anayoivuta mvuvi wa Lamu. Huko Temu alikuwa amekwisha kumshinda Clarke. Ikiwa alimshinda chini na akamshinda juu, basi haki yamlazimu kila mtu akiri kwamba tofauti ilikuwa katika mapafu, miguu na moyo wa Naftali Temu.

Tena hakutosheka na dhahabu hiyo. Siku nne baadaye, Oktoba 17, alishiriki fainali ya mita 5,000, ambamo Gammoudi alishinda, Keino akawa wa pili, na Temu akatwaa shaba. Mnamo Oktoba 20 alijitosa katika marathoni, akamaliza wa 19. Hesabu mwenyewe, ewe msomaji: ndani ya siku nane, katika hewa ile nyepesi, mtu mmoja aliibeba bendera ya Kenya katika mbio tatu ndefu kuliko zote za uwanjani na barabarani. Siku hiyo hiyo ya Oktoba 20 Keino alimshinda Mmarekani Jim Ryun katika mita 1,500, kwa ushindi uliovuma duniani kote. Huo ndio mwanga uliokifunika kivuli cha Temu. Amos Biwott naye alikuwa amekwisha kushinda mbio za kuruka viunzi na maji. Kenya ilirudi nyumbani na nishani tisa: tatu za dhahabu, nne za fedha na mbili za shaba. Mlango wa nishani hizo za dhahabu ulifunguliwa na Temu.

Kusema hivi si kumpunguzia Keino heshima yake. Keino ni hazina ya taifa, na wema aliouonyesha kwa watoto yatima kule Eldoret umemwongezea utukufu ambao nishani pekee zisingeweza kumpa. Ninachokataa ni mazoea ya kuwapanga mashujaa kana kwamba jukwaa la kumbukumbu lina kiti kimoja tu. Taifa linaloweza kumkumbuka mtu mmoja tu kwa kila jambo ni taifa lenye uvivu wa kukumbuka, na uvivu huo haukomei kwenye michezo. Ndio huo huo unaotufanya tulitaje jina moja tunapozungumzia vita vya uhuru, hali waliomwaga damu ni maelfu.

Ukubwa wa alichofanya Temu umezidi kudhihirika kadiri miaka ilivyopita. Wakenya wamekuwa mabingwa wa dunia wa mita 10,000, akiwemo Paul Kipkoech mwaka 1987, Moses Tanui mwaka 1991 na Charles Kamathi mwaka 2001. Lakini katika Olimpiki dhahabu hiyo imetuponyoka mara baada ya mara. Richard Chelimo aliikosa Barcelona mwaka 1992. Paul Tergat, mmoja wa wakimbiaji hodari mno waliowahi kuzaliwa, aliikosa Atlanta mwaka 1996, na mwaka 2000 mjini Sydney akaikosa kwa sekunde 0.09 tu mbele ya Haile Gebrselassie. Ilitubidi kungoja miaka 56 hadi Beatrice Chebet alipoishinda kwa upande wa wanawake mjini Paris mwaka 2024. Upande wa wanaume, kiti cha Temu hakijakaliwa na mwingine. Mtu akiweza kufanya jambo ambalo Tergat hakuliweza, je, hastahili kujulikana na kila mtoto anayejifunza kusoma?

Baada ya Mexico, Temu hakupata tena nishani ya Olimpiki. Alistaafu riadha mwaka 1973 na serikali ikampa shamba Mugirango Kaskazini. Tukumbuke kwamba enzi zile mwanariadha hakuruhusiwa kukimbia kwa malipo. Hapakuwa na zawadi za maelfu ya dola, wala kampuni za viatu za kumlipa mtu kwa kuvaa nembo yake. Kijana anayeshinda marathoni moja kubwa siku hizi aweza kupata kwa saa mbili kitita ambacho kizazi cha Temu hakikukiona maishani. Walikimbia kwa ajili ya bendera, wakarudi makazini mwao, wakazeeka kama raia wengine. Temu aliugua saratani ya tezi kibofu na kufariki Machi 10, 2003, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, jijini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 57.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Temu alicheza ugenini kwa ajili ya kwao, na hilo lilistahili tuzo maradufu. Tangu Katiba ya mwaka 2010 tunayo Sikukuu ya Mashujaa kila Oktoba 20, na tangu mwaka 2014 tunayo Sheria ya Mashujaa wa Kenya, ambayo inawatambua wanamichezo pia. Vyombo tunavyo. Kinachohitajika ni nia ya kuvitumia, na nia hiyo haina gharama kubwa.

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, Oktoba 13 isomwe kila mwaka shuleni kuwa siku ya dhahabu ya kwanza, hata kama ni kwa dakika tano za gwaride la asubuhi, ili mtoto wa Turkana na wa Kwale alijue jina la Temu kama anavyolijua la Keino. La pili, kila kaunti iandike orodha ya wanariadha wake wa zamani, walio hai na waliokufa, na kuandika ni nani aliyefanya nini na mwaka gani, kabla mashahidi hawajamalizika. La tatu, na ndilo kubwa zaidi, wale wa kizazi cha kabla ya fedha ambao wangali hai wahakikishiwe matibabu. Shada la maua kaburini halimponyi mtu aliyekosa dawa akiwa kitandani.

Oktoba 20 itakapowadia, viongozi watapanda jukwaani na hotuba zitakuwa ndefu. Miongoni mwa majina yatakayotajwa, na liwemo la mwanajeshi mmoja wa Nyamira ambaye siku kama hiyo, mwaka 1968, alikuwa barabarani Mexico akimaliza kilomita 42 za marathoni, wiki moja baada ya kuipa Kenya dhahabu ambayo haikuwahi kuwa nayo.