Askari Aliyezikwa Kinondoni

Tarehe 7 Aprili kila mwaka ndugu zetu wa Msumbiji huadhimisha Siku ya Wanawake wa taifa lao. Siku hiyo ni kumbukumbu ya kifo cha askari mmoja, Josina Machel, aliyefariki dunia mjini Dar es Salaam mwaka 1971 akiwa na umri wa miaka 25, na kuzikwa katika makaburi ya Kinondoni. Baada ya uhuru wa nchi yake mabaki yake yalihamishiwa Maputo. Nasi tunaona ni wajibu kumkumbuka, kwa sababu ardhi ya Jamhuri yetu ndiyo iliyompokea alipokuwa hai, na ndiyo iliyompokea alipokuwa maiti.

Marehemu alizaliwa tarehe 10 Agosti 1945 huko Vilankulo, mkoa wa Inhambane, kwa jina la Josina Muthemba. Mwaka 1964 alitoroka pamoja na wanafunzi wenzake ili kujiunga na FRELIMO. Walikamatwa Victoria Falls, wakarudishwa mikononi mwa Wareno, naye akatiwa gerezani. Alipofunguliwa hakukata tamaa. Mwaka 1965 alitoroka tena, akafika Dar es Salaam, na huko akafanya kazi katika Taasisi ya Msumbiji, shule ya vijana wa nchi yake waliokuwa uhamishoni.

Alipopewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi, aliikataa. Mwaka 1967 alikuwa miongoni mwa wanawake 25 waliojitolea kuingia katika kikosi cha wanawake cha FRELIMO, na alipata mafunzo ya kijeshi Nachingwea. Kazi ya kikosi kile haikuwa kushika bunduki tu. Wanawake walibeba silaha na chakula kwa miguu, walilinda maeneo yaliyokombolewa, waliwahamasisha wananchi na kuwatunza majeruhi. Mwaka 1969 Josina alikabidhiwa Idara ya Mambo ya Jamii, akashughulikia vituo vya kulelea watoto, wakiwemo mayatima wa vita, kaskazini mwa Msumbiji. Mwaka huo huo aliolewa na Samora Machel, wakajaaliwa mtoto wa kiume.

Maradhi yalimwandama, lakini hakuyafanya kuwa udhuru. Mapema mwaka 1971 alikuwa tena katika safari za kikazi ndani ya Msumbiji. Wiki chache baadaye aliaga dunia, akiacha mtoto ambaye hajatimiza hata miaka miwili. Uhuru aliougombania ulipatikana tarehe 25 Juni 1975.

Wapo wanaodhani kwamba shujaa ni yule tu aliyeangushwa na risasi. Maisha ya Josina yanawajibu. Yeye hakuuawa na adui, lakini uhai wake wote aliutoa katika vita, na kazi aliyoichagua ilikuwa kuwalea watoto wa wale waliouawa. Alifahamu kwamba askari anapoanguka, dhima yake haizikwi pamoja naye. Huwaangukia waliobaki.

Hapo ndipo funzo linapotuhusu sisi wa Visiwani, wananchi na viongozi. Wapo pia askari wa Tanzania waliopoteza maisha huko Msumbiji katika miaka ya 1980, wakiisaidia nchi hiyo kuulinda uhuru wake, na waliozikwa Naliendele, Mtwara. Kuwawekea mashada na kuwaombea dua ni jambo jema. Lakini mjane wa askari anayeambiwa arudi kesho, na kesho tena, kwa ajili ya haki yake, hafaidiki na shada. Wala yatima anayekaa nyumbani kwa kukosa sare ya shule hashibi kwa hotuba.

Kwa hiyo tunawaomba maofisa wote wenye dhamana, kila siku ya mashujaa inapokaribia, wayafungue kwanza majalada ya wajane na mayatima kabla ya kuandaa gwaride. Heshima ya marehemu hupimwa kwa hali ya aliowaacha.

Mwenyezi Mungu awarehemu mashujaa wetu wote.