Habari za Daktari Hans Selye na Panya Waliolala

Wasomaji wenzangu, katika toleo hili napenda kuwasimulia maisha ya Daktari Hans Selye. Jina lake hutajwa sana kila watu wanapozungumza juu ya mfadhaiko na madhara yake mwilini. Lakini iko kazi yake nyingine ambayo wengi wetu hatuijui, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Sababu yangu nitaieleza mwishoni.

Selye alizaliwa mjini Vienna tarehe 26 Januari, 1907. Baba yake alikuwa Mhungaria, daktari wa upasuaji katika jeshi, na mama yake alikuwa Mwaustria. Alikulia Komárom, mji ulio kando ya mto Danube, kisha akaenda Prague kusomea udaktari. Huko, alipokuwa bado kijana, walimu waliwaonyesha wanafunzi wagonjwa wa maradhi mbalimbali ili wajifunze kuyatofautisha. Selye akaona jambo jingine. Aliona kwamba wagonjwa wale, ingawa maradhi yao hayakuwa mamoja, walifanana: wote walikuwa wamekonda, hawana hamu ya kula, viungo vinawauma na nguvu zimewaishia. Jambo hilo halikuwa katika somo, lakini yeye hakulisahau.

Alipata shahada ya udaktari mwaka 1929. Mwaka 1931 akavuka bahari kwenda Marekani, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na baada ya muda mfupi akahamia Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, Kanada. Kazi yake ilikuwa kuchunguza homoni, yaani vile vitu vinavyotengenezwa na tezi za mwili na kuchukuliwa na damu kwenda kufanya kazi mahali pengine. Aliwapiga panya sindano za maji yaliyokamuliwa katika tezi, akitumaini kugundua homoni mpya. Panya wakaonyesha mabadiliko matatu: tezi zilizo juu ya figo zilivimba, tezi ya kifuani ilisinyaa, na tumbo likapata vidonda. Selye akafurahi. Lakini alipowapiga panya wengine sindano ya dawa kali isiyokuwa na homoni yo yote, mabadiliko yakawa yale yale. Alipowaweka kwenye baridi kali, yakawa yale yale pia. Basi homoni mpya haikuwapo.

Mtu mwingine angalivunjika moyo na kuiacha kazi. Selye naye alihuzunika, lakini akawakumbuka wale wagonjwa wa Prague. Akaelewa kwamba mwili unaposumbuliwa na jambo lo lote hujitetea kwa namna moja. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1936, na ndiyo iliyompa sifa duniani.

Sasa nafika kwenye habari ninayoitaka. Mwaka 1941 Selye alikuwa akiendelea kuwajaribu panya kwa homoni za jamii ya steroidi. Moja ya hizo ni projesteroni, homoni ambayo mwili wa mwanamke hutengeneza kwa wingi anapokuwa na mimba. Alipowapiga panya sindano ya tumbo yenye kipimo kikubwa, walilegea, wakaanguka, wakalala usingizi mzito kama watu waliopewa dawa ya usingizi kabla ya kupasuliwa. Baadaye waliamka. Wakati huo projesteroni ilijulikana kuwa ni homoni ya uzazi, na hakuna aliyeitazamia kwamba ingelaza mnyama.

Selye hakulipuuza jambo hilo, bali alijaribu steroidi nyingi, moja baada ya moja, akiandika kila moja inalaza kwa kiasi gani. Akaona kwamba nguvu ya kulaza haifuatani na nguvu ya kazi ya homoni. Pregnanedioni, ambayo haina kazi kubwa kama homoni, ndiyo iliyolaza kuliko nyingine. Kwa hiyo ilionekana kwamba kulaza ni kazi nyingine kabisa, inayofanyika kwa njia yake yenyewe. Njia hiyo ni ipi? Wakati ule hapakuwa na awezaye kujibu.

Watengenezaji wa dawa walifuata nyayo zake. Mwaka 1955 ilitangazwa haidroksidioni, steroidi ya kwanza kutumika kuwalaza watu hospitalini. Ilikuwa na kasoro mbili: ilichelewa kulaza, tena iliichoma mishipa ya damu. Mwaka 1972 Waingereza wakaanza kutumia Althesin, ambayo ndani yake mna alfaksaloni. Hiyo ililaza upesi na mgonjwa aliamka vizuri. Lakini steroidi haziyeyuki katika maji, kwa hiyo iliyeyushwa kwa kitu kilichotengenezwa kutokana na mafuta ya nyonyo. Wagonjwa wengine miili yao ilikikataa kitu hicho kwa ukali, na mwaka 1984 dawa hiyo ikaondolewa. Alfaksaloni yenyewe ilikuja kuyeyushwa kwa njia nyingine, ikapata kazi kwa madaktari wa wanyama.

Selye alifariki Montreal tarehe 16 Oktoba, 1982. Mwaka 1984, yaani miaka miwili tu baadaye, lile swali lake lilianza kupata jibu. Nitajaribu kulieleza kama nilivyolielewa.

Ubongo una chembe nyingi mno zinazopelekeana habari. Zikisisimka zote pamoja bila kizuizi, mtu hushikwa na degedege. Kwa hiyo ubongo una kitu cha kuzituliza, nacho huitwa gaba. Juu ya chembe kuna vipokezi vya gaba. Kila kipokezi kimeundwa kwa vipande vitano vilivyosimama duara, na katikati pana tundu. Gaba inapokishika kipokezi, tundu hufunguka na kloraidi, ile tunayoijua katika chumvi ya mezani, huingia ndani ya chembe. Kloraidi ina chaji hasi, na kuingia kwake huifanya chembe isisisimke kwa urahisi.

Tuseme kipokezi ni mlango na gaba ni ufunguo wake. Alfaksaloni haiingii mahali pa ufunguo. Ina mahali pake pembeni, na ikikaa hapo mlango ukifunguliwa huchelewa kufungwa. Kloraidi huingia nyingi zaidi, na chembe hutulia zaidi. Kipimo kikiwa kikubwa, steroidi huweza hata kuufungua mlango bila gaba. Ndipo mnyama hulala fofofo.

Zamani wengi walidhani dawa za usingizi hulaza kwa kuyeyuka tu katika mafuta ya chembe. Lakini Harrison na Simmonds, waliofanya uchunguzi wa mwaka 1984 kwa vipande vya ubongo wa panya, walilinganisha alfaksaloni na ndugu yake anayefanana naye kwa kila kitu, isipokuwa kikundi kimoja kidogo cha oksijeni na hidrojeni kimegeukia upande wa pili. Huyo ndugu hakuongeza kazi ya gaba. Kama kazi ingekuwa ya kuyeyuka tu, tofauti ndogo kama hiyo isingekuwa na maana. Kiatu cha kulia hakiingii mguu wa kushoto.

Mwaka 1986 Majewska na wenzake huko Marekani wakaonyesha kwamba hata steroidi ambazo mwili huzitengeneza wenyewe kutokana na projesteroni hufanya kazi juu ya kipokezi hicho hicho. Moja huitwa alopregnanoloni. Basi miili yetu ina kitulizo chake yenyewe.

Hapa ndipo ilipo sababu yangu. Wakati wa mimba kitulizo hicho huwa kingi, na mama akijifungua hushuka ghafula kwa siku chache. Wanawake wengi huvumilia mabadiliko hayo, lakini wengine hupatwa na huzuni nzito isiyoondoka, na wataalamu wanaona kwamba kushuka huko ni sehemu ya chanzo chake. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha alopregnanoloni, kwa jina la breksanoloni, itiwe katika mshipa kwa saa 60 ili kutibu huzuni hiyo. Mwaka 2023 ikaidhinisha zuranoloni, kidonge cha jamii hiyo hiyo kinachomezwa kwa siku 14.

Mwaka jana dada yangu mkubwa alikuja nyumbani kujifungua. Niliporudi likizo nilimkuta amekaa anatazama ukuta, na mtoto analia mkononi mwake. Hakupika, hakuchana nywele, hakujibu salamu. Mimi nilimwita mvivu mbele ya watu, nikasema anadeka. Mama alinyamaza, na kesho yake akampeleka hospitali. Alitibiwa kwa dawa nyingine na maneno mema ya wauguzi, na baada ya miezi kadhaa akacheka tena.

Mimi nilimtazama dada nikaona uvivu, kwa sababu uvivu ndilo jambo nililokuwa nalijua. Selye aliwatazama panya waliolala, akaandika alichokiona, ingawa hakuweza kukieleza. Nilipomaliza kusoma habari zake nilimwandikia dada barua ya kumwomba radhi. Jibu lake limefika wiki hii, na ndani yake mna picha ya mtoto, amesimama.